Siku Arobaini za Bati

Juma lililopita Mwanamvua alinijia na bati kuukuu la paa, amelifunga ndani ya mkeka kwa kamba ya usumba, amembebesha mtu wa mkokoteni kutoka Mji wa Kale mpaka hapa kwangu Buxton. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, na nilipouona mzigo ule wa kutu ukiingizwa ndani nilisema moyoni, jamani, wenzangu wakizeeka huletewa matunda, mimi naletewa takataka. Mwanamvua mwenyewe ni mama mtu mzima, ana wajukuu, buibui lake lanukia udi kabla hajafika. Alinishika mkono. "Shikamoo, Bi Tabitha." "Marahaba, mwanangu. Na hili nalo?" Akasema, "Ni amana. Mama aliniusia nilirejeshe." Akaliegemeza, upande wenye maandishi ukitazama ukuta, akaketi, akaomba maji. Rafiki yangu Naomi tulikuwa tumemzika mwezi mmoja tu nyuma. Nilijua bati lile ni lipi kabla halijafunguliwa, na hasira zote za ujana wangu zikanirudia, maana hata kaburini mwanamke yule hajui kuniacha nikapumzika.

Mwaka ninaousema ni mmoja katika ile iliyofuata vita, wakati sukari ikitafutwa kwa foleni na bati jipya halipatikani hata kwa dawa. Mimi na Naomi tulikuwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, tumepanga chumba kimoja cha chini katika nyumba ya Bi Mwanakombo huko Kuze. Mimi natia vifungo na kupinda mapindo katika duka la Mhindi. Yeye mpiga pasi, pasi ya makaa, nguo za watu kutoka asubuhi hadi alasiri. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja la nondo, na harufu ya mkate wa mofa kutoka nyumba ya pili, harufu ya kumtia mtu njaa hata akiwa ameshiba. Bi Mwanakombo alikuwa mjane, Mwislamu wa kuswali vipindi vyake vyote, na alituita "Wakristo wangu", kama mtu asemavyo kuku wangu. Dari ilikuwa ya boriti na mawe, lakini kwenye kona palikuwa na tundu la zamani, na kwa tundu lile tulisikia kila neno la ghorofani. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani yake: "Wakristo wangu hawana neno, alhamdulillahi. Mmoja mwingi wa sala, mmoja mwingi wa maneno." Naomi akacheka mpaka akalala chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwingi wa sala, naam. Chai ilipoa Naomi akiishukuria. Mbaazi za nazi zilishika utando juu yeye bado anawaombea wagonjwa mmoja mmoja kwa majina, na mahamri mimi nimeyashika mkononi. Mwavuli wangu alimpa mwanamke aliyemkuta mvuani. Leso yangu mpya alimfungia mtu kidonda. Nikimuuliza, atanijibu nini? Atatazama chini na kusema, "Tabitha, yule hakuwa na kitu." Kwani mimi nilikuwa nacho? Alikuwa na imani ya aina ambayo gharama yake hulipwa na aliye karibu. Na watu wakampenda! Mtaa mzima ulimpenda, Waislamu kwa Wakristo, na mimi niliyelowa mvua kwa kukosa mwavuli ndiye niliyeonekana mkali.

Kanisa letu lilikuwa dogo, nyuma ya soko la Mwembe Tayari, kuta zimepakwa chokaa, paa la mabati. Paa tulilitoa wenyewe, kila Mkristo bati moja, na Mzee Yeremia akayapigilia. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, seremala, mtu wa haki isiyochanganywa na huruma hata chembe. Kabla ya kupigilia aliandika kwa lami jina la kila mtoaji upande wa ndani, na kila bati akaliweka juu ya mahali anapokaa mwenyewe, ili, alisema, mtu akiinua macho kuomba akumbuke wajibu wake. Macho tuliyainua kweli, hasa hotuba zikirefuka. Langu lilikuwa safu ya mbele upande wa wanawake, TABITHA, herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi. La Naomi lilikuwa juu ya waimbaji.

Tufani ilitukuta humo humo, Jumapili asubuhi. Sisi wa Pwani mvua za masika hazitutishi, lakini upepo ule ulikuja na mlio mwingine, kama watu wanaoburuta makabati juu ya dari. Mhubiri akapaza sauti. Upepo nao ukapaza yake. Mara bati la Mzee Yeremia mwenyewe likainuka ncha moja. Nililiona kwa macho yangu, YEREMIA, likapiga makofi mara mbili tatu, halafu likaenda zake. Mungu anisamehe, nilicheka. Sikucheka sana, kwa sababu yalifuata mengine, safu kwa safu, misumari ikilia, na maji yakatumwagikia kama ndoo imepinduliwa. Watu wakajitupa chini ya mabenchi. Naomi hakujitupa popote. Alisimama pale pale pa waimbaji, akaanzisha wimbo, na bati langu liliponyakuliwa akanionyesha kwa kidole na kupiga kelele, "Tabitha, unakwenda!" Wimbo wenyewe hakuukatiza kwa zaidi ya hapo.

Mjini nyumba za makuti zililala chini, minazi ikavunjika, na juma lile watu walizika; hilo silifanyii mzaha. Sisi tulirudi Kuze mbio, tumeshika viatu mkononi, tukakuta nyumba ya Bi Mwanakombo imesimama lakini chumba cha ghorofani cha nyuma, kilichokuwa kimeezekwa makuti, kiko wazi kwa mbingu. Na ndani ya chumba hicho binti yake Zuhura, ambaye mumewe alikuwa baharia yuko safarini, ameshikwa na uchungu. Mkunga alikuwa amefika. Hakukuwa na wakati wa kumhamisha. Mtoto yule alizaliwa adhuhuri chini ya mkeka ulioshikwa pembe nne na wanawake wanne: Bi Mwanakombo, jirani yake, Naomi, na mimi. Maji yalinishukia kwapani mpaka kiunoni na mikono iliniuma siku tatu. Bi Mwanakombo akasoma dua zake, Naomi akasoma zake, na mimi nikamwomba Mungu yeyote anayesikiliza afanye haraka. Kikalia kitoto cha kike. Wakakiita Mwanamvua, wangekiita nani tena?

Jioni ile mvua ilipopumua, Naomi, bila kuniuliza, akatoa chumba chetu. "Bi Mkubwa, mzazi na ashuke, alale chini. Sisi tutalala ukumbini." Bi Mwanakombo akashika kifua. "Aka! Mzazi ashuke ngazi kabla ya arobaini? Apigwe na upepo? Mwanangu, mimi nimezaa sita katika chumba kile, na kila mmoja sikushuka mpaka siku ya arobaini nimevukizwa, nimekandwa, nimevaa. Zuhura hashuki." Basi, likaisha hilo. Lakini makuti ndiyo yalikuwa yakitafutwa na mji mzima, na mafundi wa kuezeka wamegawanyika vipande. Siku ya pili Naomi akarudi kutoka kazini na bati kichwani, amelikuta limejikita kwenye kichochoro nyuma ya msikiti. Lilikuwa langu. TABITHA, na ile herufi ya mwisho imebanwa. Kabla sijasema neno lilikuwa limeshapanda ngazi, limelazwa juu ya kitanda cha Zuhura na kufungwa kamba, na Naomi ameshatoa ahadi: "Mpaka arobaini, Bi Mkubwa." Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Kwa nini hukuahidi lako?" Akasema, "Langu bado sijaliona." Utafanya nini na mtu kama huyu?

Majuma mawili yaliyofuata Mzee Yeremia alitutuma kutafuta mabati ya kanisa Mji wa Kale, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukikaa huko na kujulikana. Agizo lake lilikuwa fupi: kila mtu alete lake. Tulizunguka Kuze, Kibokoni, Bondeni, hodi nyumba hadi nyumba. Na kwa adabu za watu wale huwezi kudai bati ukiwa umesimama. Utakaribishwa, utaulizwa hali, utaulizwa mlivyosalimika, utaletewa kahawa chungu na kipande cha halua, ndipo mwenye nyumba aseme, "Enhe, lile bati," na alitoe mwenyewe, tena limefutwa matope. Kila bati lilikuwa na kikombe chake. Nilikuwa silali kwa kahawa. Hakuna aliyetunyima, ila Naomi ndiye aliyekuwa akiacha. Muuza kahawa mmoja alikuwa amekinga jiko lake kwa bati. Naomi akasema abaki nalo. Bibi mmoja alikuwa amefunikia banda la mbuzi. "Hata mbuzi ni wa Bwana," akasema Naomi. Nikamwambia mbuzi hawakuchangia paa. Mzee Yeremia alipoyasikia haya alitikisa kichwa, akanunua madebe, akayapasua na kuyanyoosha kuziba mapengo, na Naomi akaambiwa asirudi tena kutafuta. Bati lake mwenyewe, ajabu ya Mungu, lilipatikana sokoni halina hata mkunjo, likarudishwa juu ya waimbaji.

Sasa niseme kwa nini mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimechumbiwa na Elkana, karani wa reli, kijana mpole mwenye masikio makubwa, na yeye alikuwa amepewa uhamisho kwenda bara, kituo cha mbali, aondoke Jumatatu ya juma la sita baada ya tufani. Harusi yetu iliwekwa Jumamosi ya kabla yake. Ikipita hapo, tungojee likizo yake ijayo, mwaka mzima au zaidi. Na mwaka ni mrefu kwa msichana aliyechumbiwa na karani wa reli; bara nako kuna wasichana. Nilimwendea Mzee Yeremia. Alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni. "Harusi ya Kikristo haifungwi chini ya mawingu," akasema. "Pengo lililobaki ni moja tu. Ni lako, Tabitha. Lete bati lako, Jumamosi nafungua mlango. Usipolileta, mngojee." Nikamwomba anizibie kwa debe. Akasema waliozibiwa kwa debe ni wale ambao mabati yao yamepotea, na langu anasikia halikupotea. Halafu akaongeza, bila kunitazama, kwamba Tabitha wa Biblia aliwashonea wajane nguo, basi mimi hata bati siwezi?

Nilimweleza Naomi usiku ule ule kabla ya chakula, nikamweleza tena baada yake. Akanisikiliza, akanishika mikono, akasema ataomba. "Usiombe!" nikamwambia. "Nenda juu ukaseme ahadi imebadilika!" Akasema ahadi haibadiliki, ila tutamwendea Mzee Yeremia pamoja na kumweleza habari za mzazi, naye ataelewa. Mzee Yeremia aelewe! Na kwa tundu la dari wakati huo huo nikamsikia Bi Mwanakombo akimwambia binti yake, "Bati hili ni amana ya watu. Siku ya arobaini likiondoka lipelekwe kwao na sinia ya mikate, wasije wakasema tumelifanya letu." Na Zuhura akajibu, "Mama, nimeshalijua lote. Hii ni T, hii ni A." Maana Naomi alikuwa akipanda kila jioni kumfundisha herufi zetu kwa jina lile la darini. Zuhura alisoma chuoni Kurani yake vizuri, lakini herufi hizi hakuzijua, na mzazi aliyelala chali siku arobaini atasoma nini kingine? Niliyasikia yote hayo. Nayasema ili mtu asije akadhani sikujua.

Alhamisi, Naomi yuko kwenye pasi zake, nilipanda ngazi. Zilikuwa zimebaki siku saba. Bi Mwanakombo alikuwa anakoroga uji wa mzazi, uji wa pilipili manga unaochoma pua. "Ndoo, mwanangu," ndivyo walivyosema njoo, "karibu. Umekula?" Nikamwambia nimekuja kutwaa bati langu, harusi ni keshokutwa, na maneno mengine mengi, kwa kuwa nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Nilitaka anikatalie. Angenikatalia ningekuwa na la kusema mpaka leo. Akaweka mwiko chini, akanitazama kidogo, akasema, "Twaa, wangu. Kitu cha mtu ni cha mtu, na jina lako liko juu yake." Akanishikia ngazi. Yeye mwenyewe, mwanamke wa makamo yale, alinishikia ngazi! Tena akasema, "Ngoja, ncha zake kali, utajikata bibi harusi," akararua kitambaa akanifunga kiganja. Zuhura alikuwa amemfunika mtoto kwa leso. "Mtoto yuwalala," akaninong'oneza, basi nikafungua zile kamba polepole, na jua likamwingilia Zuhura usoni. Niliposhuka nalo Bi Mwanakombo alinisindikiza mpaka mlango wa nje na kuniombea ndoa ya heri.

Mzee Yeremia aliniuliza nimelipata wapi. "Kwa mtu," nikasema. Mchana ule ule nikahamia Mbaraki, kwa shangazi yake Elkana, kupambwa. Ijumaa alfajiri mvua ikaanza, mvua ile ya kushuka wima isiyo na mwisho, na mimi nimelala kwenye godoro la watu, nywele zimepakwa mafuta, nasikiliza jinsi inavyopiga paa. Shangazi akasema mvua ya harusi ni baraka. Nikamwambia anyamaze tafadhali, kichwa chaniuma. Alinisamehe kwa sababu bibi harusi husamehewa.

Jumamosi nikaingia kanisani. Nimevaa gauni nililolishona mwenyewe majuma matatu, taji kichwani, Elkana ameshika kofia, masikio yanang'aa kwa mafuta. Juu yangu TABITHA, kavu kabisa. Na kule kwa waimbaji maji yalikuwa yanashuka kama mfereji. Bati la Naomi halikuwepo. Palikuwa na mbingu tupu ya kijivu, na chini yake, mahali pake pale pale, Naomi amesimama amelowa chepechepe, anaimba. Wenzake walikuwa wamesogea pembeni wote. Yeye hakusogea hatua. Maji yalimwingia kinywani akayatema akaendelea na ubeti. Watu wakaanza kucheka chini chini, watoto wakamwonyesha kidole, na ndoa yangu, ambayo niliilipia kwa nilivyoilipia, ikawa ni siku ile Naomi alipoimba mvuani. Nilijua papo hapo bati lake liko wapi. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumnyonga, na la pili lilikuwa na nguvu zaidi.

Baraka ilipokwisha kutolewa, kabla hatujatoka, Mzee Yeremia akasimama. "Nani ameng'oa bati la nyumba ya Mungu?" "Mimi," akasema Naomi. "Umelipeleka wapi?" "Nimelikopesha kwa siku tano." "Umemkopesha nani?" Naomi akageuka upande wetu. Alinitazama mara moja tu, upesi, halafu akatazama sakafu. Nilielewa. Akimtaja Bi Mwanakombo, kila mtu atauliza: kwani bati la Tabitha halikuwa huko? Na harusi yangu itaanza na jibu la swali hilo. Mzee Yeremia akangoja, akauliza tena, akapata ukimya, basi akatamka mbele ya kanisa lote kwamba Naomi ametengwa na Meza ya Bwana miezi sita. Naomi! Ambaye Meza ile ilikuwa ndiyo chakula chake, ambaye Jumamosi yake nzima aliifunga kwa ajili ya Jumapili. Uso ulimwanguka. Sijapata kumwona vile kabla wala baada. Nilikuwa na pete kidoleni dakika kumi. Ningesema maneno sita tu. Elkana akaniinamia, "Wajua habari hii?" Nikaweka shela langu sawa. "Naomi ndivyo alivyo," nikasema.

Jumatatu alikuja stesheni kuniaga, na kikapu cha vitumbua na samaki wa kukaanga wa njiani. Nilikuwa nimepanga la kumwambia, kisha nikaona kikapu, nikachukia. Bora angenitukana! Angeniambia wewe Tabitha ni mnafiki, ningemjibu, tungelia, tungemaliza. Alinishika mkono uliofungwa kitambaa akauliza kama kidonda kimepona. Hakikuwa kidonda hata. Nilikuwa nimesahau kukifungua. Miaka yote ya bara aliniandikia barua, za mvua na bei ya nazi na nani kazaa, na katika hizo zote hakuligusa jambo lile ila mara moja, kunichekesha: kwamba siku ya arobaini Bi Mwanakombo alipeleka bati la Naomi kanisani na sinia ya mikate kama alivyosema, na Mzee Yeremia akala mkate lakini bati akakataa kulipokea, ati limetoka mikononi mwa aliyetengwa. Basi bati nalo likatengwa. Likarudi Kuze, likapigiliwa kabisa juu ya kitanda cha Zuhura.

Nilirudi Mombasa nimekuwa mjane, na tukazeeka pamoja, mimi na Naomi, Buxton kwa Kuze, chai kila Jumatano, nayo ikipoa kwa sala kama zamani. Mara ngapi nilifungua kinywa! Akiona nakifungua ataniuliza kama sukari yatosha. Nashuku alijua nataka kusema nini. Nashuku alinisamehe siku ile ile akiwa bado amelowa, na hakuona haja ya kunijulisha, na hilo ndilo lililonichosha miaka yote, kusamehewa na mtu asiyekubali kukusikiliza ukiomba radhi. Kisha akafa usingizini, mdomo umetabasamu, kama aliyenishinda tena.

Basi Mwanamvua akamaliza maji yake. Nikaona ama sasa ama basi. "Mwanangu," nikamwambia, "kabla ya bati hili palikuwa na jingine. Nililing'oa mimi juu ya kichwa chako. Ulikuwa na siku thelathini na tatu." Akaweka kikombe chini. "Najua, Bi Tabitha. Mama alituhadithia. Alisema ulipanda ukalia, na machozi yakaangukia leso yangu." Nikasema, "Sikulia." Akasema, "Mama alisema ulilia." Nakumbuka vizuri, sikulia, nilikuwa na haraka. Nikamuuliza kwa nini aniletee mimi, Naomi ana wapwa zake. "Nyumba yaezekwa upya. Na mama aliniusia zamani: Naomi akitangulia, bati mpe Tabitha. Naomi halihitaji." Alipokwenda nililigeuza. Lami imefifia lakini yasomeka, NAOMI, na nafasi tele imebaki.

Jumapili nilisimama kanisani, wakati wa ushuhuda, nikasema yote kama nilivyoyasema hapa, pamoja na shela. Katika waliokuwepo siku ile hakubaki hata mmoja. Vijana walinisikiliza, kisha wakanipigia makofi, ati ushuhuda umewabariki. Makofi! Nilitaka kuwapitia mmoja mmoja kwa bakora. Nikatoka, nikamwita fundi, nikamwambia ang'oe bati jema moja juu ya kitanda changu na kuweka lile. "Bibi," akasema, "hili limeoza, litakuvujia." Nikamwambia apigilie, jina chini.

Lavuja kweli. Juzi usiku ilinyesha, na tone likawa linanipiga paji la uso, tone baada ya tone, na juu kelele tupu, na mimi nimelala chali nalisoma lile jina kwa taa. Ningeweza kusukuma kitanda, si kizito. Nilisema, "Naomi, nyamaza basi. Nilikosa. Nimesema nilikosa." Hakunyamaza, na kitanda sikukisogeza.